Ng'ombe Asiye na Ndama

Juzi binti yangu alinipa simu nimkamulie ng'ombe wa gemu, maana bila maziwa daraja halifunguki.

Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni mjini Voi, sebule ya shangazi ikinuka viazi karai. Nilikuwa nimeshuka kutoka kwetu Werugha, milimani, nipigane na joka kwenye gemu ya binamu, lakini ikadai kwanza nijaze ndoo ya maziwa. Nani alitaka kukamua? Nilikuwa nimekamua ng'ombe wetu asubuhi hiyo hiyo. Nikabonyeza taratibu, kama nyumbani. Ng'ombe akapiga ndoo teke mara tatu.

"Ndama wake yuko wapi, anyonye kwanza?" nikamuuliza binamu yangu Mwakio.

"Wewe bonyeza haraka tu."

Joka sikuliona.

Juzi nilibonyeza kama mwehu, ndoo ikajaa.

"Mama, ulijifunzia Werugha?"

"Hapana," nikamwambia. "Voi."