Gari la Penina Ng'ambo ya Barabara

Pwa! Ndio mlio ambao Aminieli bado anaukumbuka: boneti ya gari la Penina ikifungwa, yeye akiwa amelala chali chini ya lori la mboga. Boneti ile ina bawaba iliyopinda, haifungi mpaka uipige kwa kiganja upande wa kushoto. Aliujua mlio huo kama mtu anavyojua kikohozi cha mkewe katikati ya ibada. Ila siku hiyo ulitokea ng'ambo ya barabara, kwa Godwin.

Aminieli ana miaka hamsini na tisa. Alizaliwa Nkoaranga, kwenye migomba na kahawa ya baba yake, akajifunza dizeli kwenye matrekta ya mashamba makubwa ya huku chini, kisha akafungua gereji yake Usa River, kando ya barabara ya Moshi. Gereji yenyewe ni mabati, shimo la kushukia chini ya gari, na benchi moja la wateja. Kwa miaka tisa aliyelikalia zaidi benchi hilo ni Penina, mjane anayeuza miche ya parachichi. Gari lake ni kubwa, la dizeli, gia otomatiki, aliloachiwa na marehemu mumewe. Hakuna fundi mwingine aliyewahi kuligusa. Aminieli alikuwa akiwaambia watu hivyo bila kuulizwa.

Godwin alijifunza kazi kwake miaka sita. Alifika hajui kutofautisha spana kumi na spana kumi na mbili, akaondoka anajua kusikiliza injini. Akaenda chuo cha ufundi, akarudi na kompyuta ya kuchomeka chini ya usukani, akafungua gereji ng'ambo, yenye sakafu ya saruji na viti vyeupe vya plastiki. Kila asubuhi alivuka barabara kuja kusalimia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," Aminieli alijibu, kama mtu anayetema mbegu ya chungwa. Kijana angekuwa na kiburi, ingekuwa rahisi kumchukia.

Shida ya gari Penina alikuwa ameileta kwake kwanza. "Fundi, nikikanyaga mafuta halitoki. Linaunguruma, linawaza. Nahesabu moja, mbili, tatu, ndipo linaruka kama limechapwa."

"Mama Hans, dizeli ya otomatiki ndivyo ilivyo," alimjibu. "Turbo, ile inayosukuma hewa kwenye injini, inangoja moshi uizungushe, gia nayo inatafuta nafasi yake. Usikanyage kwa hasira. Anza kidogo kidogo kabla ya kuingia barabarani. Kwenye mlima weka gia namba mbili mwenyewe, usiiachie ichague."

Hayo yote ni kweli, na Penina aliyafuata. Lakini gari lilizidi kuchelewa. Aliporudi mara ya pili, Aminieli hakufungua hata boneti. Alirudia maneno yaleyale. Mara ya tatu Penina hakurudi.

Tangu hapo alijikuta akitafuta kazi za kufanya upande wa mbele wa gereji. Alimwona Penina kwenye kiti cheupe, kikombe mkononi, akicheka. Anacheka nini? Kwake, katika miaka tisa, alicheka hivyo mara ngapi? Mkewe, Evelyn, alipoleta chakula cha mchana alimkuta ameshika spana, hafungui kitu.

"Baba Elinipa, unachungulia gari au mwenye gari?"

"Gari."

"Haya. Basi gari linakunywa chai kwa Godwin. Wewe kula, ugali unapoa."

Mchana huohuo dereva mmoja alimletea habari: kompyuta ya Godwin imesema msukumo wa hewa ni mdogo, turbo imekufa, inabidi iagizwe Dar. Aminieli alitikisa kichwa kwa huzuni, na moyoni akaomba turbo hiyo ipotee njiani.

Jumapili, baada ya ibada, mnada wa mavuno ulifanyika nje ya kanisa kama kawaida: mayai, maharage, kuku wawili waliofungwa miguu, mikungu ya ndizi. Godwin alishindania mkungu mkubwa kuliko yote mpaka wengine wakanyamaza. Akaubeba begani, akautua miguuni pa Aminieli.

"Huu ni wa mwalimu wangu!"

Akina mama wakapiga vigelegele. Mzee Lesikar akatania, "Aminieli, mwaka huu mwanafunzi ndiye anakulisha!" Watu wakacheka. Aminieli naye akacheka, meno tu. Alitamani ndizi zile zingekuwa mbichi na chungu, lakini zilikuwa nzuri.

Alikuwa bado anazitazama aliposikia honi ya lori, ndefu, isiyokoma. Penina alikuwa anaingia barabara kuu. Alikuwa amekanyaga mafuta, gari likasimama katikati likinguruma bila kwenda, lori likishuka kutoka upande wa Moshi. Moja, mbili. Kisha gari likaruka, lori likapita nyuma yake kwa nafasi ya mkono. Penina akaegesha pembeni. Mafundi wawili walipomfikia, mikono yake ilikuwa bado imeng'ang'ania usukani.

"Shuka, mama," Godwin alisema. "Pumzika."

Penina aliteremka. Godwin akaketi mahali pake, akaingiza gia, akakanyaga breki kwa mguu mmoja na mafuta kwa mwingine, taratibu. Moshi mweusi ukatoka nyuma. Aminieli alifungua boneti, akapitisha kiganja juu ya hozi, mpira wa hewa unaotoka kwenye turbo, polepole, kama anayetafuta homa. Chini kabisa, hewa ya moto ikampiga mkononi.

"Zima," akasema.

Hozi ilikuwa na ufa. Juu ya ufa ulikuwa umezungushwa utepe wa mpira wa tyubu, mafuta yakaulainisha hadi ukalegea, na injini ilipovuta kwa nguvu hewa yote ilipenya hapo. Ncha ya utepe ilikuwa imepitishwa chini na kuchomekwa ndani, kama mtu anavyofunga mzigo wa majani ya ng'ombe. Usa River nzima ni watu wawili tu wafungao hivyo. Mmoja alimfundisha mwenzake. Aminieli akakumbuka barabara ya Kikwe, miaka miwili nyuma, mvua, na yeye akisema ataibadilisha hozi wiki ijayo.

Penina aliinama kati yao. "Nani kafunga raba hii?"

Godwin alimtazama mwalimu wake, kisha akatazama chini. "Niliiona, mama. Nikaona imefungwa kwa mkono mzuri. Sikuifungua."

"Uliiona ukaiacha? Halafu unaniambia niagize turbo?" Penina alimgeukia. "Leo ningekufa, Godwin. Basi, kesho gari linarudi kwa fundi wangu."

Godwin alijifuta mikono kwenye suruali yake ya kanisani.

Hilo ndilo Aminieli alilolitamani majuma yote yale, na sasa lilikuwa limewekwa mkononi mwake, mbele ya nusu ya usharika. Alilitazama gari. Akamtazama kijana. Kisha akasogea karibu na Penina, akasema kwa sauti ambayo hata Evelyn, aliyekuwa nyuma yake, hakuisikia vizuri:

"Ni mimi niliyeifunga, Mama Hans. Mwachie Godwin gari."