Sanduku la Yona

Nilipokuwa mtoto nilidhani mtu akishazikwa amemaliza kuhama. Kumbe hata wafu huletewa barua. Ya kwetu ilisomwa Jumapili moja baada ya matangazo ya kwaya: barabara ya Kihonda inapanuliwa, kwa hiyo makaburi ya nyuma ya kanisa letu dogo la Presbiteri yahamishiwe ng'ambo ya reli. Mdogo wangu Yona, aliyekufa kwa degedege akiwa na miezi saba, alikuwamo kwenye orodha.

Baba alikuwa mzee wa kanisa na ndiye aliyeishika orodha hiyo. Bibi mzaa mama alishuka kutoka milimani kwa jambo moja tu. Alisema mfu habebwi kimyakimya kama kabati. Lazima mtu wa ukoo wake amwite jina na kumwambia tunahama, la sivyo atabaki palepale akilia. Na kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo sauti ya baba isingefaa. Baba alijibu kwa upole kwamba Yona yuko kwa Bwana. Bibi hakubishana na mkwewe. Alisubiri atoke, akanigeukia mimi.

Mama alikuwa mjamzito, na bibi alisema mjamzito hasogelei kaburi lililo wazi. Miguu ya bibi mwenyewe ilikuwa imevimba. Nilibaki mimi, binti wa darasa la tatu.

"Mwite mara tatu," bibi aliniambia. "Yona, tunahama, twende. Kwa sauti, asikie."

Mama alinifunga vifungo vya sweta, mpaka kile cha juu kabisa.

Wachimbaji walimfikia Yona saa nne asubuhi. Mchungaji alisimama na Biblia, baba na orodha yake, na nyuma yao wenzangu wa shule ya Jumapili waliokuja kushangaa. Nilichungulia shimoni. Hapakuwa na mfupa wala kipande cha shuka, udongo mwekundu tu. Mchimbaji alimtazama baba, baba akaitikia kwa kichwa, na makoleo matatu ya udongo yakaingia kwenye sanduku.

Nilifungua mdomo. Baba alikuwa ananitazama, na mwenzangu mmoja alishaanza kucheka. Niliona aibu, nikaufunga.

Nyumbani mama aliuliza neno moja. "Alikuja?"

Nikasema ndiyo, nilimwita mara tatu na alikuja. Mama alilia, kisha akala ugali sahani nzima. Tangu barua isomwe sikuwa nimemwona akila hivyo.

Leo mimi mwenyewe ni mzee wa kanisa. Nafundisha kwamba roho haishikwi na udongo, na naamini ninachofundisha. Hata hivyo kila nikipita barabara ile nanyamaza, kwa sababu kumwita sasa ni kukiri kwamba siku ile sikumwita.

Mwaka jana mama alifariki. Aliomba azikwe ubavuni mwa Yona, mtoto asilale peke yake tena, nasi tukafanya hivyo. Kama baba alisema kweli, sikumdhuru mtu. Lakini kama bibi ndiye aliyesema kweli, nimemlaza mama yangu kando ya makoleo matatu ya udongo, na mwanawe yuko chini ya lami, hajui kwamba tulihama.