Siku Nilipokata Sauti ya Nyanya

Hii aibu nimeikalia muda mrefu, na hata leo nikikutana na watu wa Manga, kijijini kwa nyanya, natazama pembeni, lakini wacha niwaambie.

Nyanya alipokuwa mgonjwa nilimrekodi kwa simu akiimba wimbo wa kanisani, na alipofariki familia ikaamua tuusikie siku ya mazishi, hasa kwa ajili ya mama mdogo Kemunto, kitinda mimba wake, ambaye kazi ilimzuia Mombasa akakosa kumuaga. Mimi mwalimu wa Ekerenyo, mtaalamu wa kompyuta (nilijiita mwenyewe), nikasema niachieni hiyo. Asubuhi ya mazishi nikachomeka simu kwenye laptopu kwa waya, na kwa vile simu ilikuwa imejaa, badala ya kunakili nikakata, wimbo ukahama kabisa. Kutoka laptopu kwenda flashi nikakata tena. Mstari wa kuonyesha faili inavyohama ulifika mwisho, taa ya flashi bado inapepesa, lakini bodaboda alikuwa anapiga honi nje, nikaing'oa nikatoka mbio.

Pasta akatangaza, "Sasa tumsikie mama mwenyewe."

Flashi ikachomekwa kwenye spika. Nyanya akauliza, "Imeanza kushika?" halafu mkwaruzo, kimya, na mashine ikaruka hadi faili iliyofuata, ambayo ilikuwa mimi nikifanya mazoezi ya kugombea uenyekiti wa kituo chetu cha kuuzia majani chai: "Ndugu zangu wakulima, nawaomba kura!"

Vijana wakacheka. Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Huyu anafanya kampeni mbele ya jeneza?" Nikakimbia kuizima, nikajikwaa kwenye waya, spika ikaanguka na mimi juu yake.

Fundi wa Kisii mjini niliyempelekea flashi na laptopu baadaye alitikisa kichwa tu. "Mwalimu, laptopu umeendelea kuitumia?" Nilikuwa nimeitumia wiki nzima, na kazi mpya ilikuwa imeandikwa juu ya mahali wimbo ulipokuwa. Wimbo haukupatikana.

Nikaenda kumwambia mama mdogo ukweli. Hakunigombeza. Akauliza, "Aliimba upi?" Nikamtajia. "Basi niimbie wewe."

Sina sauti, mnanijua. Niliimba beti zote nikiwa nimekodolea macho sakafu, na mama mdogo akanisikiliza hadi mwisho.

Siku hizi nanakili, sikati. Nafungua faili huko ilikofika, naisikiliza yote, ndipo nafuta, na bodaboda apige honi mpaka achoke.