Nguzo Zilizovikwa Kitambaa Cheusi

Kwani kibandiko kimoja tu mlangoni kingewagharimu nini?

Tangu nifike Doha kazi yangu ni kumwagilia zege. Nguzo ikivikwa magunia unainywesha maji, la sivyo jua linaipasua na msimamizi anakutukana mbele ya watu. Juzi nikahamishiwa maabara. Nikakuta chumba cha nguzo fupi zilizovikwa kitambaa cheusi, kavu kabisa! Nikachemka.

“Otieno, wavivu gani hawa?” nikamuuliza mlinzi.

“Bro Shomari, mimi nachunga mlango tu.”

Nikazimwagia ndoo kwa ndoo mpaka sakafu ikafurika, nikaenda zangu kulala, najiona shujaa.

Asubuhi tukakuta barafu tupu. Injinia akafoka kwamba kitambaa kile ni cha nyuzi za kuimarisha zege, na chumba hugandishwa usiku kupima kama nguzo hizo zitadumu nchi za baridi. Baridi, Doha hii! Ningejuaje?

“Nani kafanya hivi?”

Nikajitia hasira kuliko wote. “Mzembe huyo afukuzwe leo leo!”

Injinia akainama, akasoma maandishi kwenye ndoo iliyoganda sakafuni.

“Shomari ndiye nani hapa?”