Jina Nililokubali Liitwe Makaburini

Nilipaswa kukataa. Wiki ya msiba wa mke wangu, wazee wa kanisa walikuja kwangu mtaa wa Hjulsta, hapa Uswidi, na mmoja wao akaniambia, "Ndugu, makaburini tutamwita mtoto kwa jina la baba yako. Watu wanatoka mpaka Norway. Usituaibishe." Nikakubali.

Ni mtoto wetu wa pekee. Alipozaliwa nilimpa jina la marehemu baba yangu, na kwa desturi yetu nikawa namwita Baba. Kila nikimwita, nilijiona bado nina mzazi. Kumbe huyo tuliyemdhania mvulana alikuwa binti. Alipokuwa mtu mzima, sheria ya hapa ilimtambua hivyo: jina jipya, jinsia, hata namba ya utambulisho ikabadilishwa. Akaja na kadi yake mpya, akaiweka mezani karibu na bakuli la sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Mama yake alivaa miwani, akaisoma, akacheka.

"Binti gani huyu hajawahi kunioshea sufuria? Haya, inuka."

Tangu siku hiyo mama yake hakukosea jina lake. Mimi niliendelea na Baba. Nilisema ni mazoea.

Kwetu, mtoto wa marehemu huitwa kwanza atupe udongo. Siku ya mazishi binti yangu alisimama kando yangu, amevaa gauni jeusi la mama yake. Mzee akaita jina la baba yangu, akaongeza, "mwana wa kiume wa marehemu." Watu wakageuka. Nyuma mtu akaguna, mwingine akacheka chinichini. Binti yangu hakusogea. Mzee akaita tena.

Akanitazama. Ningetaja jina lake tu, lile la kwenye kadi, ingetosha. Niliangalia viatu vyangu.

"Nenda, Baba," nikamnong'oneza. "Watu wanangoja."

Akaenda, akatupa udongo, akarudi. Siku zote hunijibu kwa Kiswidi. Siku hiyo alisema Kiswahili.

"Papa, ulijua wataniita hivyo?"

"Nilijua."

"Mama nimemzika. Wewe, watakuzika hao hao."

Alihama mtaani kwetu bila kuniaga, na simu zangu hapokei. Nimeomba msamaha kupitia rafiki yake, jibu halijaja. Wazee wananisalimia vizuri baada ya ibada, wananishika mkono kwa mikono miwili, nami naona haya kuupokea mkono huo. Niliogopa kuaibika mbele ya wageni ambao wengi wao sijawaona tena. Kwa ajili hiyo nimempoteza binti yangu, na sina mtoto mwingine.