Salamu za Redioni

Dereva mzee wa gari la wagonjwa anajua fika kwamba magari yote yanatumia chaneli moja ya redio, na kwamba mmoja akishika kitufe, wengine wote wanakuwa mabubu. Anajua, lakini kila asubuhi lazima akohoe kwanza, kisha aanze: "Mwanangu, umeamkaje? Mama hajambo? Lile jino limepoa?" Dada wa redioni, anayewapangia madereva safari, hugonga meza kwa kalamu, maana hata kumkatiza hawezi mpaka aachie. "Mzee, salamu utaniletea hapa ofisini! Kuna watu wanaumwa!" "Nimekuelewa, mwanangu. Na baba je?" Sikio la kufa halisikii dawa.

Leo redio ilikwaruza bila kikohozi. "Gari langu limepinduka darajani. Niko peke yangu," ilisema sauti ya mzee. Basi. Dada akatuma gari lingine haraka, kisha akabonyeza kitufe tena. "Mzee," akasema, "shikamoo." Hakuna dereva mwingine aliyethubutu kuingilia. Mwishowe, kikohozi. "Marahaba, mwanangu. Yule jirani yako je, alijifungua salama?" "Mzee wewe, utaniua!" akafoka, ila kitufe hakukibonyeza.