Miadi ya Pima Maji

Kwa miezi kumi na minne, kila Jumatatu saa tisa alasiri, fundi mmoja wa vigae alikuwa akiitukana simu yake. Si kwamba alikuwa mtu wa matusi. Mafundi wenzake walimwita Pima Maji, kwa sababu hakuna sakafu aliyoikabidhi kabla ya kulaza pima maji lake kila pembe na kuhakikisha kiputo chake cha hewa kimetulia katikati, na wote wangeapa kwamba hata siku alipojiponda kidole gumba kwa nyundo alisema "lo!" tu akaendelea na kazi. Lakini Jumatatu saa tisa ilikuwa na mambo yake.

Saa hiyo ndiyo ubalozi ulikuwa ukifungua mtandaoni nafasi za miadi ya viza za wiki nzima. Mlango mwingine haukuwapo. Huwezi kwenda kubisha hodi, ukipiga simu inaita mpaka inachoka, na ukiandika barua pepe unajibiwa na mashine inayokushukuru kwa kuandika, kisha inakurudisha kule kule mtandaoni ulikotoka. Nafasi zilifunguliwa saa tisa kamili, na saa tisa na dakika mbili zilikuwa zimekwisha. Aliyeupanga utaratibu huo, popote alipo, hajawahi kupiga magoti mbele ya saruji mbichi.

Maana kwa fundi wa vigae hakuna saa mbaya kama hiyo. Asubuhi unapima na kukata. Mchana unakoroga saruji na kuanza kulaza, na saruji ikishakorogwa haina adabu ya kumngoja mtu amalize shughuli zake. Kwa hiyo kila Jumatatu Pima Maji alikuwa akiuacha mwiko katikati ya safu, anafuta mikono kwenye suruali, anaokota simu kwenye kifuniko cha ndoo na kuanza kubonyeza. Gurudumu dogo linazunguka kwenye kioo. Linazunguka. Kisha maandishi mekundu: nafasi zimejaa, tafadhali jaribu wiki ijayo. Hapo ndipo matusi yalipotoka, na msimamizi wa ujenzi alikuwa amekwisha kuzoea kuwaambia wageni wasishtuke, ni fundi anasali.

Nyumbani, binti yake alikuwa akibonyeza saa hiyo hiyo kwenye kompyuta ya kuazima kwa jirani. Walikuwa wawili tu katika nyumba ile ya vyumba viwili. Mama mtu alikuwa ameondoka mwaka wa nne sasa, kwenda kutunza wazee katika makao ya wazee huko ng'ambo, na baada ya kuhangaika sana alikuwa amepata kibali cha kuwachukua watu wake: mume, na mtoto aliye chini ya miaka kumi na minane. Hapo kwenye kumi na minane ndipo roho ya Pima Maji ilipokuwa juu. Binti alikuwa anatimiza umri huo tarehe ishirini na tisa ya mwezi wa nane. Alama zake za vidole zikichukuliwa kabla ya siku hiyo, anahesabiwa mtoto na anakwenda kwa mama yake. Zikichukuliwa siku inayofuata, ni mtu mzima, atafute njia yake mwenyewe, na njia yenyewe haikuwapo.

"Wiki hii vipi?" mkewe alikuwa akiuliza kwenye simu kila Jumatatu jioni.

"Hamna."

"Hamna hata moja?"

"Ipo moja, mwaka wa tatu baada ya mazishi yangu."

"Labda unabonyeza polepole, mume wangu."

"Mke wangu, nimebonyeza mpaka simu yenyewe inaniogopa."

Mkewe alicheka, yeye hakucheka. Na wakati huo huo karatasi nazo zilikuwa zinamfia mkononi. Cheti cha afya kilidumu miezi mitatu. Cha polisi kilidumu miezi sita, na picha nazo miezi sita, kana kwamba mtu wa miaka arobaini na saba hubadilika sura kila msimu. Alipata hiki, kile kikaisha. Akakimbilia kile, hiki kikaisha. Daktari alipomwona mara ya nne aliweka kalamu chini.

"Karibu tena, fundi. Leo tuseme unaumwa nini?"

"Ubalozi, daktari. Unanikamata hapa kifuani kila Jumatatu."

Daktari akamwandikia kwamba yu mzima wa afya, kwa mara ya nne.

Siku nafasi ilipopatikana, Pima Maji alikuwa kwenye ukumbi mkubwa wa benki mpya, amebakiza safu mbili kufika mlangoni. Simu yake ilikuwa imegoma na maandishi mekundu kama kawaida, naye alikuwa keshavuta pumzi ya kuanza kutukana, binti akapiga.

"Baba! Nimepata! Baba, nafasi mbili, zinafuatana!"

"Lini?"

"Alhamisi ya wiki ijayo, tarehe kumi!"

Yaani siku kumi na tisa kabla ya siku yenyewe. Pima Maji akasimama, akaruka. Yeye ambaye aliwahi kumfukuza injinia mzima kwa kutia kiatu kwenye vigae vibichi, aliruka na buti zake zote mbili na kuvizamisha vigae vinne. Msimamizi akapiga kelele kutoka upande wa pili. Pima Maji akavibandua vile vinne, akakwangua saruji na kuvilaza upya huku anaimba, na alikuwa haimbi vizuri.

"Mwende wasafi," mkewe akawaasa Jumatano, sauti yake ikiwa imejaa furaha na hofu. "Watu wa pale wanamtazama mtu. Usiende na hiyo saruji yako mwilini ukasema ndiyo kazi."

Alasiri ile Pima Maji hakwenda kazini. Alipiga pasi suruali mpaka mikunjo yake miwili ikasimama, akanyoa, akazipanga karatasi kwenye faili kwa mpangilio uleule ulioandikwa mtandaoni. Kisha akaitazama mikono yake. Ilikuwa mikono ya miaka ishirini na sita ya sakafu za watu. Saruji nyeupe ilikuwa imeingia kwenye kila mkunjo, na kando ya kucha kulikuwa na weusi wa gundi ambao ulikuwa umeshahesabika kuwa sehemu ya mwili. Akajaribu sabuni, ya kufulia kisha ya kuogea. Haikutoka. Akaona aibu, akiifikiria mikono ile juu ya meza safi ya ubalozi, mbele ya watu wasiomjua.

Basi akafanya lile ambalo kila fundi wa vigae hulijua na hulifanya siku ya kuoa au ya kuzika. Alichukua asidi ya kusafishia sakafu, akamimina kifuniko kimoja kwenye beseni la maji, akatafuta na lile jiwe la kulainishia kingo za kigae baada ya kukikata. Mantiki yake ilikuwa rahisi: dawa inayong'oa saruji kwenye kigae bila kukiachia doa itashindwaje na ngozi? Akakaa kwenye kigoda uani, akasugua. Alisugua kidole kimoja kimoja, ncha kwa ncha, bila haraka, kwa ule uangalifu wake ambao wenzake humchekea. Iliwasha kidogo, akavumilia. Jua lilipokuwa linashuka, vidole vyote kumi vilikuwa vyekundu, laini, safi kabisa.

"Baba!" binti akashangaa. "Mikono kama ya karani!"

Pima Maji akaigeuza huku na huku. Alijisikia vizuri, aseme kweli. Akaipaka glisirini, akaingia ndani.

Kesho yake walifika saa moja kabla ya muda. Walipanga foleni nje, wakavuliwa mikanda, wakanyang'anywa simu na chupa ya maji, wakapewa namba, wakakaa kwenye viti vya chuma vilivyoshonana. Namba yao ilipoitwa, mwanamke wa dirishani aliwasalimu kwa heshima, uso umechoka, akaanza kulipekua faili. Barua ya mke, ipo. Cheti cha ndoa, kipo. Daktari, polisi, picha, vyote vipo, vyote viko hai. Pima Maji alizifuatilia karatasi zile zikipita moja baada ya nyingine na akahisi raha ambayo hakuwa ameihisi kwa mwaka mzima na zaidi.

"Binti atangulie. Vidole vinne vya kulia, weka juu ya kioo."

Taa ikawaka kijani. Kushoto, kijani. Gumba, kijani.

"Sasa baba."

Pima Maji akaweka vidole vyake. Taa ikawaka nyekundu.

"Bonyeza zaidi."

Akabonyeza. Nyekundu. Mwanamke akampa kitambaa chenye unyevu afute, akafuta. Nyekundu. Kushoto, nyekundu. Gumba moja moja, nyekundu, nyekundu. Akaitwa mkubwa wake kutoka chumba cha nyuma, akaja, akazima mashine na kuiwasha, akaweka kidole chake mwenyewe kikakubaliwa papo hapo. Kisha akaomba kuiona mikono ya fundi. Akaiinamia pale dirishani kwa muda.

"Umeifanya nini mikono yako?"

"Nimeisafisha."

"Kwa kitu gani?"

Pima Maji akaeleza habari ya asidi na jiwe. Alipofika katikati ya maelezo alianza kuelewa mwenyewe, na sauti ikampungua.

"Hapa hakuna mstari hata mmoja," yule mkubwa akasema. "Umeiondoa yote. Itaota tena, usijali. Wiki tano, sita, usiguse saruji wala dawa."

"Sawa. Nitakuja wiki ya sita. Mnipokee dirisha hili hili."

"Hapana, baba. Utaomba miadi mpya mtandaoni."

"Mtandaoni!" Watu wa kwenye viti vya chuma wakageuka. "Dada yangu, kaka yangu, mnaujua huo mtandao wenu? Mmeshawahi kuuingia ninyi wenyewe, hata siku moja, kama watu wa kawaida? Miezi kumi na minne nimepigwa danadana, nimepimwa damu mpaka daktari ananionea huruma, leo nimefika, niko hapa, mnaniona kwa macho, sura yangu ndiyo hiyo kwenye picha, halafu mnaniambia nirudi nikabonyeze? Kwa sababu nimenawa?"

Mwanamke wa dirishani hakukasirika, na hilo lilimuumiza Pima Maji zaidi. Alingoja amalize. Kisha akamweleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Faili lilikuwa moja, na mwombaji mkuu alikuwa baba. Ombi lake likisimama, la binti linasimama nalo. Njia ilikuwa kuligawa. Binti angeendelea leo hii peke yake, kwa idhini ya baba yake iliyotiwa sahihi. Lakini kibali cha familia kilikuwa kimoja nacho, kingekwenda na binti. Baba angeanza upya kabisa: mke aombe kibali kingine huko aliko, kisha ndipo afike kwenye huo mtandao.

"Itachukua muda gani?"

"Siwezi kukuahidi. Wengine miaka miwili. Wengine zaidi."

"Usisaini, Baba," binti akasema. Alikuwa amemshika mkono wa shati. "Twende nyumbani. Tutarudi wote wawili."

"Turudi lini? Zimebaki siku kumi na tisa!"

"Basi nami nitabaki. Nani atakuwa na wewe?"

"Hukubaki kidato cha tatu wenzako walipofeli, utabaki leo?" Alitaka iwe utani, ikatoka vibaya. Binti akaanza kulia. Pima Maji akavuta karatasi ya idhini, akasoma kila mstari, akaomba kalamu, akatia sahihi. Sahihi yake ilikubaliwa bila mashine yoyote. Mwanamke akapiga muhuri, akamwambia binti apite mlango wa kushoto kwa mahojiano, na baba asubiri nje, kwa kuwa ombi lake lilikuwa limefungwa.

Nje alisimama ukutani, karibu na mlinzi, mbele ya foleni ya watu wa saa inayofuata waliokuwa wamezikumbatia faili zao. Alirudishiwa simu yake na ilikuwa imejaa ujumbe wa mkewe. Akapiga.

"Mmemaliza? Mmepita?" mkewe akauliza kabla hata ya salamu.

"Mtoto amepita."

"Na wewe?"

Akamsimulia. Beseni, jiwe, taa nyekundu, karatasi aliyotia sahihi. Alingoja agombezwe, tena alitamani agombezwe, ili naye apate wa kugombana naye.

"Ni mimi," mkewe akasema. "Mimi ndiye niliyekwambia uende msafi."

"Ulisema msafi. Hukusema nijimenye."

Mkewe akacheka kidogo, kisha kicheko kikamkatikia njiani. Pima Maji alimsikia akivuta kamasi, na nyuma yake mzee mmoja wa huko makaoni akimwita kwa lugha yao.

"Sasa utakuja lini?"

"Niulize kitu kingine, mke wangu. Chochote kile."

Miaka minne walikuwa wameongea kila siku habari ya barua, vyeti na tarehe, na sasa mkewe alikuwa akitafuta la kuuliza.

"Umekula?"

Pima Maji akasema bado. Hapo ndipo machozi yalipomtoka, mbele ya mlinzi na foleni nzima, naye hakuyafuta.